Laini Kumi na Moja za Epifania

Wezi wa zamani walikuwa na adabu yao, maana walitoka jasho. Mwizi alivunja ukuta, alibeba gunia mgongoni, akikamatwa alijua amekamatwa. Hawa wa simu hawachafuki hata kidole, na anayefungwa machoni pa watu ni mwingine kabisa. Muulizeni Epifania wa Kitahana.

Epifania alikuwa fundi cherehani. Mume alipofariki, ndugu za mume wakamwonyesha njia, naye akarudi kwao na cherehani kichwani. Kaka yake, Tharsisi, akamkatia kipande cha shamba siku ileile. Wajomba waliponung'unika, Tharsisi aliwaambia mbele ya watu kwamba dada yake hatalala barabarani yeye akiwa hai. Epifania hakuisahau siku hiyo. Kila sare ya shule aliyoshona pale Kitahana, watoto wa Tharsisi walivaa kwanza, tena bure.

Sasa, mwaka 2013 ikatangazwa kwamba laini zisizosajiliwa zitafungiwa, na kitambulisho kinatakiwa. Kitambulisho gani, kijijini? Kilichokuwepo ni kadi ya mpiga kura, na kadi zenyewe moja imeliwa na panya, nyingine imeungua na nyumba, nyingine haikuwahi kuchukuliwa. Ya Epifania ilikuwa nzima, imefungwa kwenye nailoni. Wanawake wakaja mmoja mmoja kuiazima, naye ni mtu asiyejua kumnyima jirani chumvi, atamnyima kadi? Wa kwanza kuiazima alikuwa wifi yake, Immakulata, mke wa Tharsisi. Alikwenda nayo gulioni Kibondo, akamwachia kijana msajili wa laini, Twalibu, aliyekuwa akikaa chini ya mwavuli karibu na wauza mitumba. Akaenda zake kuuza ndizi na kuirudia kadi jioni. Wenzake nao wakafanya hivyohivyo. Wanawake kumi na moja wa kitongoji kimoja wakawa wanaongea kwa jina la Epifania, na wakawa wanalicheka wenyewe, wakiitana Epifania mdogo na Epifania wa kisimani.

Juni ya mwaka uliofuata ngiri ya Tharsisi ikamzidi. Epifania ndiye aliyempeleka hospitali Kasulu na kubaki naye, kwa sababu Immakulata alikuwa na watoto wadogo na maharage ya kuuza. Daktari alisema upasuaji usipite Ijumaa, utumbo ukijifunga hapo ni habari nyingine. Makubaliano yakawa hivi: Immakulata auze maharage, atume hela kwenye simu ya Epifania, mgonjwa apasuliwe.

Mnunuzi wa maharage alikuwa Melkiadi, mwenye ghala Kibondo mjini. Watu walimpenda Melkiadi. Hakopi, hapunji mizani, analipa kwa simu hapohapo gunia likiwa bado kwenye mizani. Alimlipa Immakulata Jumatatu asubuhi. Haikupita nusu saa, meseji ikaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo."

Msimcheke Immakulata. Ni mtu mwangalifu yule. Alikwenda kwa wakala akatuma kwanza elfu tano tu, ya kujaribu, aone jina. Jina likarudi kwenye kioo, herufi kubwa: EPIFANIA, na la baba yake mbele. Basi moyo ukatulia. Akatuma laki tatu zote zilizobaki, akarudi nyumbani akampigia magoti Mungu wake.

Kasulu, Epifania alisubiri Jumatatu nzima. Jumanne akapiga simu kumuuliza wifi yake mbona kimya. Immakulata alishangaa, kisha akachachamaa. Alisema hela imetumwa, jina limetoka, meseji anayo mkononi na kila mwenye macho ameisoma. Epifania akasema simu yake haijapokea hata shilingi na haijawahi kuwa na tatizo. Wakarushiana maneno mpaka Immakulata akasema lile lililokuwa kooni mwake, kwamba mjane aliyelishwa na nyumba yake sasa ameamua kuila nyumba yenyewe. Simu za siku hizo zilikuwa zinapiga kelele kama redio, na Tharsisi alikuwa amelala palepale, anasikia neno kwa neno.

Simu ilipokatika, Tharsisi alimtazama dada yake.

"Dada," akasema, "hela iko wapi?"

Matusi ya wifi yalimuuma, lakini swali hilo lilimkata ini. Alimwapia kwa kaburi la mama yao. Tharsisi akageukia ukutani.

Epifania akaenda polisi na ile namba aliyotajiwa na wifi. Askari alichukua ile namba, akapiga simu mahali, akarudi na kicheko. Laini imesajiliwa kwa jina lako, mama, akamwambia. Sasa unamshtaki nani, unajishtaki? Akamshauri aende zake kabla hajabadilisha mawazo na kumweka ndani. Hebu niambieni, mtu huyo analipwa mshahara kwa kazi gani?

Lakini pale kwenye benchi la polisi ndipo akili ilipomfunguka. Kadi yake haikuwahi kutoka mikononi mwa majirani ila kwa mtu mmoja. Jumatano alfajiri akamwachia mgonjwa mwenzao wa kitanda cha pili amwangalie Tharsisi, akapanda gari la Kibondo. Vumbi la kuanzia Makere lilimfanya mwekundu mpaka kope, na alipofika sokoni hakunawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwavuli wa Twalibu, akaketi juu ya kigoda chake.

Hakupiga kelele. Kila mteja aliyefika alimwambia kwa upole: usimwachie kadi huyu, atakugeuza mwizi, mimi ndiye niliyegeuzwa. Mteja wa kwanza akaondoka, wa pili akaondoka, wa sita naye. Twalibu alimbembeleza, akamtukana, akamwita mama mlezi, akatishia kuita mgambo. Epifania akamwambia aite. Saa nane mchana Twalibu alikuwa hajauza hata laini moja, na midomo imemkauka. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, ili mradi mama yule aondoke.

Alisema kadi ikishinda kwake toka asubuhi mpaka jioni, haisajili laini moja. Inasajili tano, sita, nane. Ya mwenyewe anampa, nyingine anamuuzia Melkiadi. Ndiyo, Melkiadi huyohuyo wa maharage. Ghalani kwake, chumba cha nyuma, kuna dada mmoja anaitwa Shamsi na simu nne. Melkiadi akishamlipa mkulima, anampa Shamsi namba na kiasi, na Shamsi anatuma meseji kabla mtu hajafika kwa wakala. Hawabahatishi, maana wanajua nani ana hela, ngapi, na tangu dakika gani. Ikishaingia inatolewa kwa wakala wao, laini inavunjwa, inatupwa chooni.

Epifania akamuuliza, kati ya majina yote kwa nini lake.

"Jina la nyumbani halishtui, mama," akasema Twalibu. "Kitahana wote walikuja na kadi yako. Kila mtu kule anakujua wewe ni mtu mwema, kwa hiyo kwa watu wa kule tunatumia laini za jina lako."

Shetani mkubwa! Wema wa mtu ukapimwa, ukaonekana unalipa, ukauzwa.

Alikwenda ghalani. Melkiadi alikuwa anahesabu magunia, akamwamkia kwa Kiha, akampa pole ya mgonjwa bila kuambiwa kama kuna mgonjwa. Epifania akamwambia anajua. Melkiadi hakubadilika uso. Alitoa noti ya elfu mbili akamwekea mkononi, ya matunda ya mgonjwa, akarudi kwenye magunia yake. Epifania aliitupa ile noti kwenye maharage na kutoka nje. Wapakiaji walimcheka.

Jioni hiyo Kitahana akamfuata mwenyekiti wa kitongoji, akaomba watu waitwe, akaeleza yote. Mwenyekiti akampigia Twalibu simu mbele ya watu. Twalibu akasema hamjui huyo mama. Epifania akageuka kwa wale wanawake kumi, akawaomba waseme tu jambo moja, kwamba kadi waliiazima. Mmoja alitazama kucha zake, mwingine akakumbuka amebandika ugali. Nani atakiri kwamba laini yake ni ya jina la mtu mwingine, ifungiwe, au aitwe polisi? Na nani amseme vibaya Melkiadi, na magunia ya kumuuzia bado yako ndani? Immakulata ndiye peke yake aliyesema, na alisema kwamba kuazima kadi ni kweli, lakini hela haikutumwa kwa kadi, ilitumwa kwa mtu.

Jumatano imekwisha. Ijumaa ndiyo hiyo.

Epifania alilala akiwa macho. Alijua vizuri anachotaka kufanya na alijua vizuri watu watakiitaje, wala hakujidanganya. Alhamisi asubuhi aliuza cherehani kwa mwanamke wa Busunzu aliyekuwa akiitamani siku nyingi, na mbuzi wawili juu yake, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Ikatimia laki tatu na chenji ya nauli. Alipopita na gari kuelekea Kasulu, wale wanawake walikuwa wamesimama kisimani wanamtazama, na hakuna aliyempungia mkono.

Akalipa dirishani. Tharsisi akapasuliwa Ijumaa asubuhi. Daktari akatoka akasema wamewahi, ila kwa kidogo tu.

Habari ilifika Kitahana kabla ya mgonjwa kuamka. Immakulata alisimama kisimani akasema alichokuwa anangoja kusema: si mliona, kama hakula, amerudisha nini? Mtu gani anauza cherehani kulipa hela ambayo hakuichukua? Wakakubaliana naye, hata wale kumi, tena wao kwa sauti kubwa zaidi. Na Melkiadi aliendelea kununua maharage msimu ule wote, na uliofuata.

Siku ya tatu Tharsisi aliweza kukaa. Epifania alikuwa anamlisha uji, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu. Kaka yake akaushika mkono wake, ukiwa na kijiko, akaushusha taratibu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nimekusamehe, dada," akasema. "Umerudisha, yameisha."

Epifania alifungua mdomo. Akamwona alivyokonda, na bandeji ikipanda na kushuka kwa pumzi, na daktari amekataza asisumbuliwe. Akafunga mdomo, akachota uji mwingine, akampa.