Krimu ya Tahera

Maisara na Tahera walichora hina pamoja miaka kumi na tisa pale Kiponda. Maisara alichora miguu ya maharusi, Tahera mikono. Walipovuka hamsini, hedhi ikamkoma Maisara, na Tahera akasema naye imemkoma.

Maisara ndiye aliyeteseka. Joto lilimpanda kifuani hadi shingoni, akatota kama aliyetoka kuoga. Siku moja jasho lilimdondoka kwenye ua alilokuwa ndiyo kwanza analimaliza, hina ikachuruzika mguuni mwa bibi harusi. Mama mtu alimwita Tahera aje amalizie.

Daktari alimpa Maisara vidonge vya homoni. Joto lilipungua, lakini usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu na uso ulimsawajika. Tahera yeye aling'ara.

"Unatumia nini, shoga?" Maisara alimuuliza.

"Krimu tu, mwanangu ananiletea kutoka Kanada. Homoni za asili. Si kama hivyo vidonge vyako vya kiwandani."

Maneno hayo yalimchoma Maisara kama mwiba wa samaki. Hata kuzeeka, alijiambia, mwenzangu anazeeka kibibi, mimi nnazeeka kijakazi.

"Nigaie kidogo basi."

"Si ya kugawa, Maisara." Tahera akageuza uso, akaanza kuzungumzia mengine.

Choyo hiki! Ijumaa iliyofuata, Tahera akisali chumbani mwake, Maisara aliingia bafuni mwa mwenzake, akafungua kabati, akachota krimu akajaza kikopo. Wiki iliyofuata akachota tena, na tena. Vidonge akavitupa. Usingizi ukarudi kweli, akajiona mjanja.

Mwezi wa tatu wa kujipaka, damu ikamtoka, naye alikuwa na zaidi ya mwaka hajaiona. Alikwenda mbio kwa Daktari Khairat, yule aliyempa vidonge, akakiri yote na kumwonyesha picha ya lebo ya ile krimu.

"Hiyo krimu ina homoni iliyo sawasawa na ya mwilini mwako," daktari alisema. "Vidonge vyako vilikuwa na homoni zilizoundwa tofauti kidogo. Lakini zote zinatengenezwa na watu, Bi Maisara, na kuitwa ya asili hakuifanyi dawa iwe salama zaidi. Hii imechanganywa kwenye duka la dawa, si kiwandani, kipimo chake hatukijui. Tena ina homoni moja tu. Wewe una kizazi, unahitaji na ya pili, ile inayozuia ukuta wa kizazi usinenepe. Ilikuwemo kwenye vidonge ulivyovitupa."

Walimpima. Ukuta ulikuwa umenenepa, ila saratani haikuonekana. Daktari alimwandikia homoni mbili zinazofanana na za mwilini, lakini za kiwandani, zenye kipimo kilichokaguliwa.

Alipokwenda kumwomba radhi Tahera na kumweleza aliyoambiwa na daktari, mwenzake aliinuka akafunga mlango.

"Mimi nilitolewa kizazi," alisema. "Mwaka ule nliokwambia nnakwenda harusini Dar. Ndiyo maana homoni moja inanitosha. Nliona haya kukwambia. Ulipokuwa ukilalamika tumbo la mwezi, nikikuonea wivu mpaka nalia."

"Mimi? Wivu?"

"Wewe."

Maisara alimshika mkono, wakakaa.

Wanachora pamoja mpaka leo. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja wa mtaa wa Malindi alimtaka Tahera peke yake, mikono na miguu. Maisara alimpa hongera kwa tabasamu, akarudi nyumbani na wivu wake, akaketi kujifunza kuchora mikono, kwenye mkono wake mwenyewe.