Jina la Sitelbanat Kwenye Albamu

Sitelbanat Adam alilisoma jalada la albamu mara tatu akitafuta jina lake. Mpiga picha alikuwamo. Msusi aliyemsuka mwimbaji alikuwamo. Hata duka lililoazimisha kofia lilishukuriwa kwa herufi nene. Lakini penye wimbo wa saba, ule ambao watu huutambua kwa sauti ya mwanamke inayoufungua, paliandikwa maneno mawili tu: sauti ya ziada.

"Ziada," alisema. "Kama chumvi ya mezani?"

Murunga, mwenye studio ndogo ya Kawangware walimokuwa, hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mama Rania, hayo ni maneno ya karatasi. Watu wataskiza, hawatasoma. Ingia uimbe. Saa kumi na moja hii kazi lazima iwe imetoka mtandaoni."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Mawingu yalikuwa yameshuka, na kama mvua ingeanza kupiga mabati ya studio, hakuna sauti ambayo ingerekodiwa humo tena siku hiyo.

Sitelbanat alikuwa na miaka hamsini na mitatu, Mnubi wa Kibera aliyezaliwa na kuolewa hapo hapo. Siku za kazi alisuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Siku za harusi aliongoza doluka, ngoma ya wanawake wa kwao. Miaka kumi na mmoja nyuma, Adhis, msichana wa Gatwekera, hapo hapo Kibera, aliyeimba muziki wa soul bila kujulikana na mtu, alimsikia harusini akamwomba aufungulie wimbo wake. Sitelbanat aliimba kwa muda usiofika dakika moja. Wimbo huo ukamfanya Adhis malkia wa soul, na jina la aliyeufungua halikutajwa popote.

Alinyamaza. Kisha mwaka jana, kwenye harusi mtaani kwake, aliwaambia wasichana kwamba sauti ile ni yake. Walicheka. Shangazi wa bwana harusi akamwambia mbele ya wageni, "Wewe mama, uzee usikufanye mwongo." Tangu siku hiyo kila aliposimama kuongoza doluka aliona watu wakinong'onezana. Kumnyima mtu jina la kazi yake ni wizi, na anayeufanya huku akitabasamu ni mwizi vilevile.

Sasa Adhis alikuwa anakusanya nyimbo zake zilizovuma kuliko zote. Kampuni iliyoutoa wimbo ule ilikataa kuwapa rekodi ya awali, ikabidi urudiwe. Wasichana watatu kutoka Riruta walijaribu kuufungua, wote wakashindwa. Hapo ndipo Sitelbanat alipokumbukwa.

"Andika jina langu kwanza," alisema.

"Majalada yamechapishwa yote, mathe. Unanifunga mikono."

"Ninyi mlinifunga mdomo miaka kumi na mmoja."

Mlango ukafunguliwa, Adhis akaingia na miwani ya jua kwenye paji la uso. "Niaje, Mama? Bado mnaongea tu?" Aliwatazama, akaelewa. "Mama, nilikuwa mdogo. Mambo ya mikataba sikuyajua."

"Jina langu ulilijua. Ulikuwa ukila kwangu."

Adhis akainamisha kichwa. Tone moja likagonga bati.

"Tuiwache hiyo sehemu," Murunga alisema. "Tuanze na gitaa."

"Bila yeye huo si wimbo," Adhis akajibu.

Sitelbanat akasimama. Walidhani anaondoka.

"Kwenye doluka yetu," alisema, "mwenye shughuli huniita kwa jina mbele ya watu, ndipo nafungua. Nisipoitwa, sifungui. Niite, Adhis. Hapo kwenye maikrofoni."

Murunga alitabasamu. Jina angelikata baadaye. Ni kazi ya kubonyeza tu. "Mwite bana, tumalize!"

Wakasimama bega kwa bega. "Sitelbanat!" Adhis aliita, akiivuta sauti kama waitavyo wenye shughuli. Jina lilikuwa halijaisha wakati Sitelbanat alipoingia juu yake, kama aingiavyo kila harusi, akaichukua sauti ya Adhis katikati ya pumzi na kuipandisha. Alipomaliza, mvua ikamwagika. Kurudia hakukuwezekana.

Murunga alivaa vipokea sauti masikioni, akalikata jina. Wimbo ukaanza na sauti isiyo na kichwa. Akasogeza, akakata tena. Nusu ya jina ikabaki ndani. Alijaribu mara nne, jasho likimtoka, hadi saa kumi na dakika hamsini.

"Mathe, umeingia mapema!"

"Nimeingia panapoingiwa."

Murunga akamgeukia Adhis. "Ikitoka hivi, watu wataskia jina. Watauliza mbona kwenye jalada hayuko. Utawaambia nini?"

Adhis alikuwa na sifa ya miaka kumi na mmoja ya kulinda, na kulikuwa na njia rahisi: kuiondoa sehemu ile yote na kumwomba mama wa watu radhi. Sitelbanat alimkazia macho, mikono yake iliyozoea ukindu ikiwa imefumbatwa.

"Nitawaambia nilimnyima," Adhis alisema hatimaye. "Tuma."

Murunga akabonyeza.

"Imetoka?" Sitelbanat aliuliza.

"Imetoka, Mama Rania."

Sitelbanat hakushukuru. Aliketi mbele ya Murunga, akalisukuma lile jalada hadi mkononi mwake. "Sasa chukua kalamu. Mtakapochapisha mengine msikosee. Andika, nakutajia herufi."