Vyumba bila funguo

Leo profesa wetu alishindwa kutoka kwenye chumba yake.

Niko Gisenyi, Rwanda, ngambo tu ya mpaka na Goma, kwenye kituo ya mafunzo ya watu ya kompyuta. Tunalala hapa hapa wiki nzima. Milango haina funguo, makusudi, ili mutu akipata wazo aingie tu kwa mwenzake.

Jana profesa alitufundisha namna mashine zinaweza kuaminiana.

Bon, basi. Asubuhi tukasikia anaita. Usiku alikuwa amesukuma kabati kwenye mlango, ikakwama.

Tukasukuma toka inje, huku tunacheka sana. Yeye akasema kutoka ndani, pole pole: "Mucheke tu. Kila asubuhi ninasikia meza zenu zikitoka kwenye milango, zikirudi pahali yao."

Tukasukuma tena, bila kucheka.

Ndugu zangu wa Goma, tangu hii vita ifike kwenu, usiku nyinyi munasukuma nini kwenye mlango?