Shimo Lilikuwa Bado na Joto

Harufu ya ndizi mbivu ndiyo iliyotupokea Masisi. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, njaa ilikuwa imetutoa Rwanda, na lori la serikali lilituvusha mpaka, likatushusha kwenye ukungu, mbele ya nyumba ya matete. Mzungu aliyegawa ardhi alimwambia baba kwamba kilima kile hakikuwa na mtu. Mama alizunguka nyuma ya nyumba, akafunua majani ya mgomba yaliyoziba shimo, akatia mkono: lilikuwa na joto. Hata kwetu ndizi za pombe huivishwa hivyo, na hazikai shimoni ila siku chache. Mama alijua. Baba naye alijua. Wakatazamana, wakarudishia majani, nasi tukalala kwenye kitanda cha mtu.

Nilikuwa na miaka minane. Kesho yake wazazi walikwenda kupokea mbegu, wakaniachia nyumba. Mwanamke akatokea kwenye migomba, kikapu mgongoni, kamba yake ikiwa imempita kwenye paji la uso. Hakunisalimu. Alipiga magoti penye shimo akaanza kutoa ndizi. Nikapiga kelele kwa Kiswahili nilichookota njiani: “Mwizi! Mwizi!”

“Mwizi, miye?” Alicheka. “Weye njo unalala mu kitanda yangu! Binti yangu anaolewa. Wageni watakunywa nini, mate yako?”

Kelele zangu zilimleta askari wa yule Mzungu, na nyuma yake wazazi wangu wakirudi na mbegu. “Mama, si tulikuambia uhame?” askari akamuuliza yule mwanamke.

“Nilihama. Sasa naenda kulalamika kwa Muzungu wako.” Akamgeukia mama yangu, mwanamke kwa mwanamke. “Mama, umuambie. Hizi ndizi ni za nani?”

Mama alikuwa na watoto watano na hakuwa na mahali pengine duniani. Aliangalia chini. Askari akamlaza yule mwanamke kifudifudi, akamchapa mbele yetu mpaka akaacha kusema habari ya kulalamika. Sikumbuki alilia namna gani, na nimejilazimisha mara nyingi kukumbuka, kwa sababu naona ni deni dogo kabisa ninalodaiwa. Nakumbuka tu kwamba nilijivuna: nililinda nyumba.

Nina hasira na yule Mzungu aliyewakomboa wenye njaa kwa nyumba za wengine, kisha akatuachia sisi na majirani zetu chuki ya kugawana. Lakini hasira hiyo ni rahisi. Mwaka jana karani alileta karatasi ya kuandikisha shamba kuwa letu. Baba hajui kusoma. Mimi nilijifundisha peke yangu, na wazazi wangu hujivunia hilo. Karatasi ilisema kwamba tangu tufike, hakuna mtu yeyote aliyelalamika. Nilisoma mstari ule mara tatu. Baba akaniuliza, “Iko sawa?”

Nilipoita mwizi nilikuwa mtoto, sikujua kitu. Mwaka jana nilikuwa mtu mzima. Nikamshika baba kidole, nikakichovya kwenye wino, nikamwonyesha pa kukiweka.