Mama na Mkanda wa Violini

Juzi, mjini Tarime, fundi alikuwa akijaribu redio aliyotoka kuitengeneza. Ikatoa sauti ya violini, nyembamba, inayokwaruza kama msumari juu ya bati, kisha okestra nzima ikaivamia. Nilimshika mkono asiizime.

"Dada, vipi?" akauliza.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Matongo, nina miaka tisa.

Miaka ile ya kukimbilia dhahabu, mzungu mmoja mpima miamba alimwachia baba kaseti, shukrani ya kumbebea mizigo. Mwalimu alitusomea maandishi ya juu: muziki wa violini na okestra, wa watunzi wa zama hizi. Baba aliupenda kweli. Sisi wengine tulivumilia. Jirani alisema ni mbuzi anayebishana na kisu, na nadhani kuku wetu walikubaliana naye, maana ukianza tu walihama uwanja.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, shangazi Bhoke alikuja mbio, kanga mkononi. Shimo la dhahabu limetitia. Baba na wenzake wawili wako chini.

Wanaume walikwenda na sululu. Wanawake hawakuruhusiwa kusogelea mashimo, kwa hiyo mama alibaki. Alichukua betri tulizokuwa tumezianika juani, akazitia kwenye redio, akaweka mkanda ule, akaketi kigodani.

"Mama Ghati, umerogwa?" shangazi alifoka. "Mume yuko chini ya udongo, wewe unapiga muziki!"

Upande mmoja ulipokwisha, mama akageuza mkanda. Ukaisha, akageuza tena. Violini ilipanda, ikapanda, nikawa nangoja ikatike.

"Zima, mama! Zima!" nililia.

Alinishika kiganja mpaka kikauma. "Kaa."

Siku hiyo nilimchukia.

Jua likiwa utosini, tulisikia makelele kutoka mashimoni. Baba aliletwa amebebwa, tope mpaka kwenye kope, mguu umevunjika, lakini anapumua. Wenzake wawili waliletwa wamefunikwa shuka. Hapo ndipo mama alipoanguka chini akalia, nami nikashangaa: analia sasa, baba amepona?

Kinyongo hicho nilikaa nacho hadi nami nikawa na watoto. Siku moja, tukichambua mtama, nikamuuliza mama sababu ya mkanda ule.

"Nilijiambia nisilie kabla upande haujaisha," alisema, macho kwenye ungo. "Ukiisha, nageuza."

Aligeuza mara tano. Najua, kwa sababu nilihesabu, nikidhani nahesabu makosa yake.