Waliomba Ustadi, Nikawapelekea Machozi

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Niliondoka Alby, kitongoji cha Stockholm nilikokuwa nikiishi, kabla ya kucha, theluji chafu ya mwisho ingali kando ya barabara, begi begani, bila kujua ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba nikibaki ndani nitavunja kitu. Miguu yangu tangu utotoni ina tabia ya kujibu kabla kichwa hakijaulizwa. Ndiyo iliyonitoa shuleni Kondoa nikiwa darasa la sita, ikanifikisha Tanga, ikanipandisha meli ya mizigo nikamenya viazi, na mwanzoni mwa miaka ya themanini ikanishusha Sweden.

Safari hii mfukoni nilikuwa na barua, na barua ile ndiyo iliyonitoa ndani.

Nianze ilikoanzia. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha malori Södertälje, nafunga mabomba ya breki. Mimi ni mtu wa kuuliza uliza; shule niliiacha, lakini maswali hayakuniacha. Jioni nilisoma Kiswidi na hesabu katika madarasa ya watu wazima. Sheria ya nchi ile wakati ule ilikuwa na mlango ambao sijauona kwingine: ukishatimiza miaka ishirini na mitano, na umefanya kazi miaka minne, uliweza kuomba chuo hata bila cheti cha sekondari, mradi lugha na hesabu ziwe zinatosha. Walimu wangu waliniambia nafasi katika chuo cha ufundi sitaikosa. Masomo yalikuwa bure. Kula na kulala si bure, na ofisi ya mikopo ya wanafunzi ilishaniambia kibali changu cha kuishi nchini bado hakijafikia hapo.

Ndipo nikasikia habari za mfuko mmoja wa kaskazini, ulioachwa na tajiri wa mbao aliyekufa zamani. Ulisomesha waliozaliwa katika jimbo lake tu, katika chuo cha ufundi cha kule kule. Ila kila mwaka walitenga nafasi moja kwa mtu wa nje ya jimbo, aliyeonyesha ustadi wa pekee katika kazi au masomo. Nafasi moja. Nikasema hiyo ndiyo yangu, na nikiikosa nitafunga mabomba mpaka nizeeke.

Basi nikafanya kosa ambalo sisi hulifanya, mwanangu. Nikaenda kwa Bwana Kasimu.

Pale Alby kila mtu wa kwetu mwenye haja na ofisi alipitia jikoni kwa Bwana Kasimu, Mtanzania mwenzangu, aliyekuwa karani wa wilaya tangu enzi za mkoloni. Mkongo, Mrundi, Mkenya, wote walipanga foleni mbele ya mashine yake ya kupiga chapa. Barua zake zilianza kwa kupiga magoti na kuisha kwa kulala kifudifudi. Nilipomwambia ataje mapendekezo yangu mawili yaliyokubaliwa kiwandani, alicheka mpaka miwani ikamshuka.

"Kijana, ofisi haipewi sifa," akasema. "Ofisi inapewa shida. Sifa wanazo wenyewe."

Nami sikubisha sana, maana nimelelewa na msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kujisifu kwetu ni ukosefu wa adabu. Akaandika umaskini wetu, akaandika ukame, akaandika kifo cha baba. Akauliza, na mama? Nikamwambia mama yupo. Akatikisa kichwa, akasema yatima wa upande mmoja haendi mbali, na mashine ikagonga mstari mmoja uliosema kwamba mama naye alishatangulia mbele ya haki. Niliuona ule mstari. Nikatia sahihi.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Katibu wa mfuko aliandika kwamba wamesikitishwa sana na hali yangu. Kwamba ombi langu halihusiani na nafasi ya ustadi, hivyo halitafika mbele ya kamati. Kwamba kwa wema wao wamepeleka nakala yake kwa kanisa moja la Stockholm linalogawa nguo za baridi kwa wenye shida.

Nguo, mwanangu! Mimi niliyekuwa na koti langu, na viatu vyangu, na miaka minne ya jasho langu. Niliisoma barua ile mara tatu usiku, na kila nikiisoma ninaona mtu anayenitazama juu ya miwani akiona mkono ulionyooshwa, haoni mkono unaofanya kazi. Ndipo alfajiri nikatoka.

Nilitembea tu, nikipita njia za msituni, mpaka jua likanikuta Flemingsberg, karibu na hospitali moja kubwa. Kituoni, kwenye benchi, alikaa Mama Nalongo, Mganda niliyefahamiana naye, akisubiri treni baada ya zamu ya usiku. Nalongo ni jina la heshima la mama wa mapacha kwao Buganda. Kule Masaka alikuwa mwalimu mkuu. Vita vikamtoa, na sasa alikuwa anapiga deki korido za wagonjwa. Kiswahili chake alikitania mwenyewe, akisema alijifunza kwenye vizuizi vya askari, kwa hiyo anajua vizuri zaidi maneno ya kuamrisha.

Nikamwambia yote kwa hasira. Niliwatukana katibu, na kamati, na yule tajiri kaburini. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akanyoosha kiganja. "Lete ile uliyowatumia wewe."

Nakala nilikuwa nayo. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kama anayesahihisha daftari.

"Hawa waliomba nini?" akauliza.

"Mtu mwenye ustadi."

"Na wewe umewapa nini?"

Nikatazama reli.

"Umewapa kaburi la baba yako." Akageuza ukurasa. "Na mama. Mama amekufa lini, wewe kijana? Si juzi umeniambia amekuandikia kuhusu mbuzi?"

Mwanangu, nimewahi kupigwa melini na baharia wa Kigiriki, lakini sijawahi kuumia kama kwenye benchi lile. Nilimtaja Bwana Kasimu. Hakutaka kumsikia. Alisema sahihi aliyoiona pale chini haikuwa ya Kasimu.

Halafu akaanza kuniuliza maswali, makavu, ya darasani. Kiwandani nafanya nini? Nikamweleza. Mapendekezo gani? Nikamweleza jinsi mabomba ya kushoto na ya kulia yalivyofanana, watu wakayachanganya karibu kila siku, lori zima likasimama; nami nikaandika karatasi, nikaitia katika sanduku la maoni, kwamba ncha zipakwe rangi mbili. La pili lilikuwa ndoano ya kuning'inizia mabomba mbele ya fundi, asipinde mgongo siku nzima. Yote mawili yalikubaliwa. Kwa kila moja nilipewa cheti chenye muhuri, na Ijumaa tukala keki.

"Na sasa wanachanganya?"

"Hakuna anayechanganya."

"Hiyo mbona haimo humu?"

"Ningejisifu, Mama. Chema chajiuza."

"Sokoni," akasema. "Sokoni watu wanakiona. Wewe uko ndani ya bahasha." Akanirudishia karatasi zangu. "Kujisifu ni kusema usilolifanya. Kusema ulilolifanya ni ushahidi. Na siku ya mwisho ya kupokea maombi ni lini?"

Nikamwambia ni kesho, Ijumaa. Akasema posta haitafika, na kwamba miguu yangu, iliyozoea kukimbia, leo angalau ikimbilie mahali. Treni yake ikaja, akapanda bila kuniaga. Yule mama alikuwa na hasira kuliko mimi.

Nikavuka upande wa pili, nikapanda ya Södertälje. Msimamizi wangu kiwandani, Mswidi wa maneno machache, alinitolea nakala za vyeti vyote viwili, akaandika nusu ukurasa kwa mkono wake, akaniambia zamu ya leo na ya kesho atanishikia. Akaongeza kwamba alikuwa akijiuliza lini nitaomba kitu. Kutoka hapo Stockholm, kutoka Stockholm kaskazini, saa nyingi za misonobari na maziwa yenye barafu, nami naandika ombi jipya gotini kwa Kiswidi changu mwenyewe chenye makosa yake. Sikumtaja baba. Niliandika mabomba.

Nilifika Ijumaa, zimebaki dakika chache ofisi ifungwe. Katibu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Aliponiona tu akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba nguo zinagawiwa Stockholm, si hapa.

"Sikuja kuomba nguo," nikamwambia. "Nimekuja kuiondoa barua yangu ya kwanza. Ina uongo. Mama yangu yu hai."

Akaweka kalamu chini. Nilijua hapo anaweza kunifungia mlango, na angekuwa na haki. Nikampa ombi jipya, na kwa kuwa nilishaanza, sikukomea hapo. Nikamwuliza kwa nini, hata katika barua ile ya machozi, mstari uliotaja miaka minne kiwandani haukumfanya aniulize nimefanya nini huko. Mtu aliyezaliwa humu jimboni angeulizwa. Mimi nilielekezwa kwenye nguo.

Akaitoa ile barua ya kwanza kwenye faili. "Tulisoma ulichotuandikia," akasema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini ni kweli, hatukukuuliza." Akagonga muhuri wa kupokea juu ya ombi jipya, ile ya zamani akaichana mbele yangu, na akaniandikia mtaa wa mjane mmoja anayepangisha chumba.

Usiniharakishe, mwanangu, najua unataka kujua kama niliipata. Mwaka ule walimpa msichana wa Kifini aliyenizidi, na alinizidi kwa haki; nilisoma kazi yake. Nililetewa barua iliyosema nilikuwa wa pili. Mwaka uliofuata nafasi ikawa yangu.

Sasa yako. Juma lililopita uliniletea ombi lako la ufadhili nilisahihishe, wewe uliyeongoza darasa lako lote katika fizikia, na ukurasa wa kwanza mzima ni kilio. Nimekasirika, sikufichi. Nawakasirikia waliokufundisha kwamba mtu wa kwetu hasikiki asipolia. Nawakasirikia na wale wa ofisini wanaopenda kilio chetu kuliko akili zetu, maana kumhurumia mtu ni rahisi kuliko kumpisha kiti. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki yako, mwanangu, huwezi kupewa kama hukuitaja. Wakiomba shida, eleza shida yako, ya kweli, bila kuongeza hata chembe. Wakiomba ustadi, weka kazi yako mezani na jina la aliyeiona. Usimkodishe mtu ulimi wako. Na usitie sahihi mstari ambao usingeusoma mbele ya mama yako.

Jioni ile ya Ijumaa yule mjane alinipandisha darini. Kitanda chembamba, jagi la maji, dirisha dogo linalotazama paa zenye theluji. Akaniuliza nitakaa siku ngapi. Mimi, niliyezoea kujibu mbili au tatu, nikamwambia sijui, labda miaka, kamati ikinikubali. Akanipa ufunguo.

Mungu akupe mlango wako, mwanangu, na akupe uso wa kusimama mbele yake bila kuinama. Akulinde na huruma ya bei rahisi. Na siku utakapokaa wewe upande wa pili wa meza, akupe ulimi wa kuuliza, "Umefanya nini?" kabla hujamwonea mtu huruma.