Tumbusi Kwenye Bafu Letu

Dada yangu Milembe ni bibi shamba huku Meatu. Hupita kwa pikipiki kwenye pamba za watu, kukagua wadudu na kuwakumbusha wakulima kwamba dawa ya kupulizia si ya kuchezea. Wao huitikia ndiyo, halafu kila mtu anafanya lake. Mimi niliacha diploma ya mifugo katikati na nakaa kwake bure, kwa hiyo nimezoea kutolalamika. Ila siku aliporudi na gunia linalonuka kuliko machinjio, nililalamika.

"Humo kuna tumbusi," akasema. "Usiponishikia, anakufa."

Tumbusi, yule ndege mla mizoga, mwenye shingo kama kuku aliyenyonyolewa nusu akakimbia. Milembe alimkuta pembeni mwa shamba la mzee Mayunga, kichwa kimelegea. Fisi alikuwa amemuulia mzee mbuzi, mzee akaumwagia mzoga dawa ya pamba ili fisi akirudi akome. Fisi hakurudi. Walikuja tumbusi, na huyu ndiye pekee aliyekuwa bado anapumua. Njiani alitapika, matapishi yakapenya gunia mpaka mgongoni kwa Milembe.

"Afadhali ametapika," akasema, huku shati limemganda.

Tukamnywesha maji ya mkaa uliosagwa, ufyonze sumu. Mimi nilishika mdomo, kwa hiyo awamu ya pili ilikuwa yangu: manyoya ya mbuzi, vipande vya ngozi, na ute wa kijani uliokuwa bado wa moto. Niliosha mikono kwa sabuni ya unga, nikanusa, nikaosha tena. Bafu tukamwachia yeye. Sisi tukawa tunaogea nyuma ya nyumba kama wahamiaji.

Alipoanza kusimama, mzee Mayunga akaja na kikapu.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Nimefuata ndege wangu."

"Wako tangu lini, baba?"

"Si kala mbuzi wangu? Mimi nataka kichwa tu; vya wale waliokufa vimeshaoza. Ukikilalia, unaota mambo ya kesho. Huko kwingine bakini nako."

Aliongea kwa upole, kama jirani anayeomba chumvi. Sumu kamwaga yeye, na sasa anataka kichwa aweke chini ya mto. Matapishi yote yale hayakunichafua roho kama kile kikapu.

Milembe akaingia bafuni, akatoka na ndoo ya tulichozoa. Akaiweka miguuni kwa mzee.

"Mbuzi wako huyu hapa, baba. Sijapunguza kitu. Ndege anabaki."

Mzee akachungulia, akaziba pua. "Mwanangu, ndio unanipa nini hiki?"

"Mali yako. Na ule mzoga umeuzika?"

"Bado. Fisi hajaja."

Milembe akachukua jembe, akampakia mzee kwenye pikipiki, na hawakurudi mpaka mbuzi amefukiwa, chini sana.

Keshokutwa yake tukambeba tumbusi hadi pale pale pembeni mwa shamba la mzee, tukamfungua. Alikimbia hovyo, akapaa, akazunguka juu yetu. Milembe akaanza kutabasamu. Ndege akashuka moja kwa moja pale kwenye udongo mpya alipofukiwa mbuzi, akainamisha ile shingo yake, akaparura, akadonoa.

"Huyu hana akili kabisa," nikasema.

"Chimba kabisa uone," Milembe akamwambia ndege, jembe mkononi.

Hakumfikia mbuzi. Akachoka, akaruka kuelekea porini. Mimi nikakumbuka ile ndoo, nikatema mate.